Kiti cha viola: kifo cha mtu mmoja na mwisho wa Kwarteti ya Amadeus

Tarehe 16 Agosti 1987 Peter Schidlof alifariki ghafla kaskazini mwa Uingereza, moyo wake ukiwa umesimama. Alikuwa na umri wa miaka 65, na kwa miaka 40 alikuwa mpigaji viola, chombo kama fidla ila kikubwa kidogo na cha sauti ya chini zaidi, katika Kwarteti ya Amadeus, kundi la watu wanne ambalo tangu lianze halikuwahi kubadilisha hata mmoja. Wenzake watatu walikuwa hai na bado wakipiga: Norbert Brainin kwenye fidla ya kwanza, Siegmund Nissel kwenye fidla ya pili, na Martin Lovett kwenye chelo. Walikuwa na jina linalojulikana dunia nzima na rafu za santuri walizorekodi. Mpigaji viola yeyote mwenye akili timamu angepokea simu yao kwa mikono miwili. Simu hiyo haikupigwa. Kwarteti ya Amadeus ikaishia hapo.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha urafiki: wanne walipendana, mmoja akafa, watatu hawakuwa na moyo wa kuendelea. Urafiki ulikuwapo, sina ubishi nao. Lakini mimi ninayefundisha watoto fidla, na kila mwaka kuulizwa na mmoja wao kwa nini mtu mzima achague viola, nakiona kisa hiki kwa jicho jingine. Naamini uamuzi wa 1987 ulikuwa umeshafanyika mwaka 1947, siku kijana mmoja mpigaji fidla alipokubali kuiweka fidla yake chini na kushika chombo ambacho hakukisomea. Yaliyofuata yote, sifa na mwisho pia, yalitokana na siku ile.

Kwanza, kwarteti ni nini hasa

Msomaji anayeijua fidla kwa taarabu itabidi abadilishe picha kidogo kichwani. Katika taarabu ya Unguja fidla hukaa safu, tatu au nne au zaidi, na zote hufuata nyimbo ile ile, kila mpigaji akiipamba kwa mkono wake. Mmoja akiugua usiku wa harusi, shughuli haivunjiki. Safu itapungua unene, ila wimbo utasikika wote.

Kwarteti ya nyuzi haina safu. Ina fidla mbili, viola moja na chelo moja, na kila chombo kina maneno yake ambayo hakuna mwingine anayeyasema. Hakuna mtu wa kusimama mbele na kijiti kuwaongoza. Wanaanza pamoja kwa pumzi, kwa jicho, kwa namna bega la mpigaji fidla ya kwanza linavyoinuka. Lugha za Ulaya huuita huu muziki wa chumbani, kwa sababu ulianza kupigwa sebuleni mwa watu, mbele ya wasikilizaji wachache waliokaa karibu kiasi cha kusikia upinde ukigusa uzi. Ukimtoa mmoja, unaobaki si wimbo mwembamba. Ni wimbo wenye shimo.

Mfano mmoja utasaidia. Januari 1785 Mozart alimaliza kwarteti ya sita kati ya zile sita alizomtunukia mtunzi mwenzake Haydn, ile yenye namba K. 465. Ufunguo wake ni C, kwa hiyo aliyeimba kwaya kwa solfa anaweza kunifuata bila taabu. Chelo inaanza peke yake, inarudia do, do, do, kwa sauti ya chini kama mtu anayetembea gizani. Viola inaingia juu yake, lakini haiingii na sol wala mi ambazo sikio linazingoja. Inaingia na la iliyoshushwa nusu. Halafu fidla ya pili inaleta mi, nayo imeshushwa nusu. Na wakati sikio bado limeshika ile la ya viola, fidla ya kwanza inatua juu kabisa na la nzima, ya kawaida, kana kwamba haikusikia chochote. Hapo ndipo msikilizaji anapokunja uso. Watu wa enzi ya Mozart walikunja uso pia, na hadi leo kwarteti hiyo inaitwa ya mgongano.

Mgongano wenyewe ni kati ya watu wawili: wa viola na wa fidla ya kwanza. Viola ikiingia kwa woga, ile la ya juu haitagongana na kitu, na wasikilizaji watadhani mpigaji fidla amekosea. Viola ikiingia kwa ukali mno, imetoboa siri kabla ya wakati. Kinachotakiwa ni sauti iliyo sawa na ile ya fidla kwa uzito na kwa namna kidole kinavyotetemeka juu ya uzi, ili la mbili zisikike kama maneno mawili ya kinywa kimoja kinachojipinga. Mozart mwenyewe alipokaa kupiga kwarteti na marafiki alipenda kushika viola. Alijua alichokuwa akiandika.

Basi Schidlof na Brainin walikuwa na kinywa kimoja. Kilipatikanaje, ndipo penye kisa.

Wakimbizi watatu na Mwingereza mmoja

Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Brainin alikuwa amezaliwa Vienna mwaka 1923. Schidlof alizaliwa mwaka 1922 huko Göllersdorf, mji mdogo kaskazini mwa Vienna. Nissel alizaliwa Munich mwaka huo huo wa 1922 na kukulia Vienna. Wote watatu walikuwa Wayahudi, wote walikuwa wanafunzi wa fidla, na wote walifika Uingereza wakiwa vijana ambao kwao kumefungwa nyuma yao.

Uingereza iliwapokea, kisha ikawafungia. Mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka na hofu ya kuvamiwa ikapanda, serikali iliwakusanya kwenye kambi za kizuizini maelfu ya watu waliotoka Ujerumani na Austria kwa kuwa ni raia wa nchi adui. Kwamba wengi wao walikuwa wamemkimbia adui huyo huyo hakukuwaokoa. Brainin na Schidlof walikutana kambini Prees Heath, huko Shropshire. Brainin aliachiwa mapema. Schidlof alipelekwa mbele zaidi, kisiwani Isle of Man, na huko akakutana na Nissel.

Niliposoma mara ya kwanza kwamba mbegu ya kwarteti hii ilipandwa nyuma ya seng'enge, nilitaka kuruka haraka niende kwenye muziki. Siku hizi siruki. Vijana hawa hawakuchaguana kama watu wanavyochaguana chuoni, kwa kulinganisha vyeti na tabia. Walikusanywa na askari. Walipotoka, Vienna haikuwapo tena kwa maana ya pale mtu anaporudi. Lugha yao na namna yao ya kupiga ilikuwa imebaki kwao wenyewe na kwa wachache waliovuka bahari kama wao.

Mmoja wa hao wachache alikuwa mwalimu. Max Rostal, aliyewahi kuwa mwanafunzi na kisha msaidizi wa mwalimu maarufu wa fidla Carl Flesch huko Berlin, alikuwa amehamia London tangu 1934. Aliwachukua vijana wale akawafundisha bila kuwatoza ada. Wakati wa vita Brainin alifanya kazi ya ufundi wa mashine kiwandani. Jioni alikuwa na fidla. Kwa miaka kadhaa watatu hawa walipita mkono wa mwalimu mmoja: mkao mmoja, namna moja ya kushika upinde, mtetemo wa aina moja wa kidole cha kushoto. Kwa Rostal alisoma pia Suzanne Rozsa, mpigaji fidla aliyekuwa yeye pia mkimbizi kutoka Vienna, na kwa njia yake akaja Martin Lovett, mpigaji chelo kijana, mzaliwa wa London wa mwaka 1927, ambaye baadaye alimuoa Suzanne.

Kundi likawa karibu kutimia, na hesabu ikakataa. Kwarteti inataka fidla mbili. Wao walikuwa na tatu.

Siku fidla ilipowekwa chini

Schidlof ndiye aliyekubali kwenda kwenye viola. Kwa asiyepiga, hilo laweza kuonekana dogo, kama beki wa kulia kuhamia kushoto. Nitaeleza kwa nini si dogo.

Mwili wa fidla una urefu wa karibu sentimita 35.5. Viola huwa na sentimita 40 hadi 43, na hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa. Nyuzi zake nne zimeshuka chini ya zile za fidla, ule mwembamba unaong'aa haupo, na mahali pake upande wa pili pamewekwa mmoja mnene. Nafasi kati ya vidole inapanuka, kwa hiyo mkono uliozoea kwa miaka 15 kuangukia mahali fulani sasa unaangukia pungufu. Upinde ni mzito zaidi, na uzi ule mnene hautoi sauti papo hapo. Lazima uanze kuuvuta punde kabla ya wakati, la sivyo utasikika umechelewa. Juu ya hayo, noti za viola huandikwa kwa ufunguo mwingine kabisa, ambapo do ya kati inakaa kwenye mstari wa katikati. Mtu anayesoma noti za fidla kama gazeti hurudi kuwa mtoto wa darasa la kwanza.

Hiyo ni upande wa mwili. Upande wa heshima ni mgumu zaidi. Mpigaji fidla aliyefunzwa na Rostal alifunzwa ili asimame mbele ya okestra apige konchato ya Beethoven au ya Brahms. Kwa viola hakuna Beethoven wala Brahms wa namna hiyo. Kuna Sinfonia Concertante ya Mozart, K. 364, ambapo viola inasimama sawa na fidla, na Brainin na Schidlof waliipiga pamoja mara nyingi katika maisha yao. Hata hapo, Mozart alimwandikia mpigaji viola akaze nyuzi zake zipande nusu hatua ili chombo king'ae zaidi na kisimezwe na okestra. Mtunzi mkubwa kuliko wote waliopenda viola alijua kwamba kwa asili yake haisikiki kama fidla inavyosikika. Kijana wa miaka 25 anayeiweka fidla chini anajua anachokiaga.

Na hakuwa peke yake katika kuaga. Brainin alikuwa ameshinda mashindano ya Carl Flesch mwaka 1946, na njia ya kupiga peke yake ilikuwa wazi mbele yake. Nissel alikubali fidla ya pili, kiti ambacho ulimwengu hukiita cha pili hata pale kinapofanya kazi ngumu kuliko cha kwanza. Yeye ndiye pia aliyebeba mambo ya safari na mikataba ya kundi. Kila mmoja alitoa kitu. Lakini wawili hawa walitoa ndoto na kubaki na chombo. Schidlof alitoa na chombo.

Kilichopatikana kilikuwa adimu. Kwarteti nyingi huwa na mpigaji viola aliyelelewa kwenye viola tangu mwanzo, mwenye sauti nene, ya kahawia, inayokaa kando na fidla kama kaka mkubwa asiyesema sana. Amadeus walikuwa na viola inayopigwa na mtu wa fidla, mwanafunzi wa mwalimu yule yule, mwenye wepesi na mng'ao wa fidla uliohamia kwenye nyuzi nene. Sikiliza santuri zao za Mozart au za Schubert, mahali ambapo sauti inatoka kwa Brainin, inapita kwa Nissel, inafika kwa Schidlof. Mara nyingi huwezi kusema ilivuka mpaka wa vyombo wapi. Wapo wakosoaji ambao hilo liliwachosha, walioona utamu umezidi na kidole kinatetemeka mno. Nawaelewa. Ukitaka sauti nne tofauti zinazobishana ndani ya kundi moja, Amadeus si kundi lako. Mimi nikisikia ule mpito najua nasikiliza watu waliokubaliana kitu tangu zamani, na sijachoka nao.

Pauni mia moja

Walipiga kwanza hadharani Dartington, kusini-magharibi mwa Uingereza, kiangazi cha 1947, bado wakiitwa Kwarteti ya Brainin. Imogen Holst, binti wa mtunzi Gustav Holst, alikuwa akifundisha pale. Aliwasikia, akatoa pauni 100 wakodishe Ukumbi wa Wigmore jijini London. Tarehe 10 Januari 1948 ukumbi ulijaa, na kundi likatoka na jina jipya, jina la kati la Mozart.

Sitakaa sana kwenye yaliyofuata, maana mafanikio ya wanamuziki husimuliwa kwa namna moja: safari, santuri, sifa, safari tena. Waliingia mkataba na Deutsche Grammophon, wakarekodi kwarteti zote za Mozart, zote za Beethoven, na sehemu kubwa ya Haydn, Schubert na Brahms. Ndiyo, kampuni ya Kijerumani. Walipiga Ujerumani tangu miaka ya 1950, na baadaye walifundisha Cologne. Watatu kati yao walikuwa wamekimbizwa na nchi hiyo, na wapo wanamuziki Wayahudi walioapa kutokanyaga huko. Amadeus walikwenda. Nadhani kwao muziki wenyewe ulikuwa ndio nyumbani palipobaki, na wasikilizaji waliokua na muziki huo walikuwa kule.

Jambo moja la miaka hiyo linahusu kisa chetu moja kwa moja. Zipo kazi za watu watano, na kwa hizo Amadeus walialika wageni. Kwa kwinteti ya Schubert yenye chelo mbili walimwita William Pleeth. Kwa zile za Mozart zenye viola mbili walimwita Cecil Aronowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, akae kando ya Schidlof. Walikuwa wepesi kupokea mtu wa tano, na mgeni alisikika kana kwamba alikuwapo siku zote. Kwa hiyo haikuwa kiburi wala kufunga mlango. Mtu wa tano huongezwa juu ya jengo. Mtu wa nne, kwao, alikuwa nguzo.

Mwaka 1975 mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, akiwa mgonjwa wa moyo na hana muda mrefu, alitunga kwarteti yake ya tatu, akaitunuku kwa Hans Keller, mwandishi wa muziki aliyekuwa naye mkimbizi kutoka Vienna na mfungwa wa kambi zile zile za 1940. Amadeus walikwenda nyumbani kwa Britten Septemba 1976 wakampigia aisikie. Alifariki tarehe 4 Desemba. Tarehe 19 ya mwezi huo waliipiga hadharani kwa mara ya kwanza kule Snape, mashariki mwa Uingereza. Britten mwenyewe alijifunza viola utotoni. Mtu aliyekaribia kuaga, aliyejua kiti kile kinabeba nini, aliwaamini wanne hawa na maneno yake ya mwisho.

Agosti 1987: njia zilizokuwapo

Tuwaweke sasa Brainin, Nissel na Lovett mezani, wiki ile baada ya mazishi, tuone walikuwa na nini mikononi.

Njia ya kwanza ilikuwa kutafuta mpigaji viola mwingine na kuendelea na jina. Hii si aibu, na makundi makubwa yameifuata. Kwarteti ya Juilliard ilianzishwa New York mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya Amadeus. Wapigaji wake wote wa mwanzo walishaondoka kitambo, hata Robert Mann aliyeshika fidla ya kwanza hadi 1997, na kundi lipo. Kwetu tuna mfano mkongwe kuliko huo: Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa 1905, vizazi vya wapigaji vimepita, na bado ni Ikhwani Safaa. Kundi la namna hiyo ni kama mti. Matawi huanguka na mengine huota, na mtu akipita hasemi mti umekufa.

Njia ya pili ilikuwa kumwita mwanafunzi. Alban Berg, kwarteti ya Vienna, walifanya hivyo mpigaji viola wao Thomas Kakuska alipofariki mwaka 2005. Mahali pake alikaa Isabel Charisius, aliyekuwa mwanafunzi wake. Walipiga vizuri. Miaka mitatu baadaye, 2008, walifunga. Guarneri, kundi la Marekani lililoanza 1964, walimpa Peter Wiley kiti cha chelo mwaka 2001, David Soyer, aliyekuwa mwalimu wake, alipostaafu, wakaendelea hadi 2009. Kiti cha chelo kilipitishwa kwa hiari, mwenye kiti akiwa hai na kutazama, na hilo ni jambo jingine kabisa na kumpa mtu kiti cha marehemu.

Njia ya tatu ni ile waliyoichukua.

Wanaosema walikosea wana hoja, na sipendi kuipuuza. Brainin alikuwa na miaka 64, Nissel 65, Lovett 60. Walikuwa na miaka kadhaa bado. Mpigaji viola kijana angekaa kati yao akapata kwa mwaka mmoja yale ambayo vyuo havifundishi kwa kumi. Muziki hupokezanwa mkononi, na mnyororo huu ulikatwa mahali penye pete imara. Aronowitz, aliyewajua kuliko mpigaji viola yeyote wa nje, alishafariki tangu 1978, lakini walikuwapo wengine wenye uwezo.

Jibu langu linarudi kwenye ile la ya Mozart. Angekuja mpigaji viola bora kuliko wote duniani, angekuja na sauti ya viola. Angeingia pale pa mgongano akiwa mtu wa pili, mwenye malezi yake na mwalimu wake. Huenda ingekuwa nzuri. Isingekuwa kinywa kimoja. Wangepaswa ama kumlazimisha mtu mzima aigize mkono wa marehemu, jambo ambalo hakuna msanii mwenye kujiheshimu angelikubali, ama wao watatu, baada ya miaka 40, waanze kujifunza kupiga upya kumzunguka. Kundi lao halikuwa mti. Lilikuwa arishi iliyojengwa juu ya nguzo nne zilizochongwa kwenye gogo moja, na mojawapo ilikuwa imechongwa upya kwa makusudi ili ikae mahali ambapo haikuota.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa kama mwalimu. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba kazi ya mwanamuziki ni kupanda: kutoka nyuma kuja mbele, kutoka kundi kwenda peke yako. Schidlof alifanya kinyume, na kadiri alivyosogea katikati, mahali ambapo jicho la msikilizaji halitui, ndivyo alivyokuwa mtu asiyeweza kuondolewa. Mpigaji fidla ya kwanza ndiye uso wa kundi. Lakini angefariki Brainin mwaka 1987, nina hakika pia kundi lingefungwa, na watu wote wangeelewa bila kuuliza. Alifariki wa viola, na watu wakauliza. Swali lenyewe linaonyesha jinsi tunavyosikiliza vibaya.

Waliobaki

Watatu hawakukaa kimya. Mkondo wa wanafunzi ulikuwa tayari umefunguliwa, London katika Akademia ya Kifalme ya Muziki na Cologne, na kwa njia hiyo ule mnyororo haukukatika kabisa kama wakosoaji walivyohofu. Kwarteti nyingi changa zilikalishwa mbele yao na kuambiwa zianze tena, na tena, pumzi moja.

Brainin alirudi kwenye njia aliyoiacha 1946, kupiga peke yake. Mwaka 1988, mwaka mmoja baada ya kifo cha rafiki yake, alinunua fidla ya mwaka 1713 yenye historia nzito, kazi ya Stradivari, fundi mashuhuri wa Italia. Iliwahi kuwa ya Bronisław Huberman, mpigaji fidla aliyeanzisha okestra huko Palestina mwaka 1936 na kwa njia hiyo kuwatoa Ulaya wanamuziki wengi Wayahudi. Mwaka huo huo wa 1936 ilikuwa imeibwa kwenye chumba cha wasanii cha Carnegie Hall, New York, Huberman akiwa jukwaani na fidla yake nyingine. Aliyekuwa nayo aliificha na kuipiga kwa karibu nusu karne, akakiri tu alipokaribia kufa mwaka 1985. Fidla ya mtu aliyewaokoa wakimbizi ikaangukia mikononi mwa mkimbizi. Mwaka 2001 ilipita kwa mpigaji fidla Mmarekani Joshua Bell kwa bei iliyokaribia dola milioni 4, na hadi leo husikika kwenye kumbi za dunia.

Brainin alifariki London Aprili 2005. Nissel alimfuata Mei 2008. Lovett, yule kijana wa 1947, alibaki peke yake hadi Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 93.

Viola ya Schidlof ilikuwa nayo ya Stradivari, ya mwaka 1719, ile inayojulikana kwa jina la MacDonald. Fidla za fundi huyo zilizobaki ni mamia. Viola zake ni takriban kumi tu. Mwaka 2014, miaka 27 baada ya mwenyewe kufariki, familia yake iliiweka sokoni kupitia nyumba ya mnada ya Sotheby's kwa utaratibu wa bahasha zilizofungwa, bei ya chini ikiwa dola milioni 45, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kutajwa kwa chombo chochote cha muziki. Kabla ya siku ya mwisho ililetwa mbele ya waandishi na wanunuzi ikapigwa na kijana hodari, ikaitika vizuri. Bahasha zilipofunguliwa, mnunuzi hakupatikana, na viola ikarudishwa kwenye sanduku lake.